Majivu, Ndimu, na Ugonjwa wa Sukari

Labda umesikia maneno haya sokoni Kitchanga au njiani kwenda Mubi: "Ugonjwa wa sukari unatoka katika uchachu wa damu. Acha nyama, acha jibini, kunywa maji ya majivu au maji ya ndimu kila asubuhi, na sukari itashuka. Sindano ya hospitali si ya lazima tena." Maneno haya ni matamu masikioni. Maji ya majivu hayana bei kubwa, na ndimu hupatikana. Sindano ni ya taabu, na njia ya kwenda hospitali ni mbali. Kwa hiyo watu wanapenda kusadiki.

Mimi nasema wazi tangu mwanzo: ndani ya maneno hayo kuna sehemu ndogo ya kweli, na kuna sehemu kubwa ya uongo. Uongo huo unaua. Tutazame yote mawili pamoja bila haraka, ili wewe mwenyewe uweze kupambanua.

Asidi ni nini, na alkali ni nini?

Onja ndimu. Uchachu ule unaosikia ulimini ni asidi. Sasa chukua majivu ya maganda ya ndizi, yatie maji, uyachuje. Maji yale yanateleza vidoleni kama sabuni. Hiyo ni alkali. Watu wa zamani katika Kongo walijua kuchuja majivu ili kupata chumvi ya kupikia, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu. Asidi na alkali ni kama maadui wawili: ukizichanganya kwa kiasi kinachofaa, kila moja inavunja nguvu ya mwenzake.

Wenye elimu wanapima mambo haya kwa hesabu. Maji safi yako kwenye 7. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Na damu ya mtu mzima wa afya? Iko kati ya 7.35 na 7.45. Tazama jinsi nafasi ile ilivyo ndogo! Ni njia nyembamba kama daraja la mti mmoja juu ya mto. Mtu akianguka mbali upande huu au upande ule, anaweza kufa.

Sasa jiulize: kama damu ingebadilika kwa kila chakula, nani angeishi? Mtu angekula ndimu mbili na kufa kabla ya jioni. Lakini sivyo ilivyo. Mwili una walinzi wawili. Wa kwanza ni mapafu, ambayo kwa kila pumzi yanatoa hewa chafu yenye kuleta asidi. Wa pili ni figo, ambazo usiku na mchana zinatoa asidi iliyozidi na kuitupa katika mkojo. Walinzi hawa hawalali. Ule nyama au ule sombe, damu inabaki pahali pake. Mkojo ndio unaobadilika, kwa sababu mkojo ni njia ya kutupa takataka. Mtu akikuonyesha karatasi iliyogeuka rangi katika mkojo wako na kusema, "Tazama, damu yako ni chachu," hakusema kweli. Ameona takataka iliyotupwa nje, hajaona nyumba ndani.

Tena ujue jambo hili: tumbo lako lenyewe linatengeneza asidi kali sana ili kusaga chakula. Maji ya majivu unayokunywa yanakutana kwanza na asidi ile, na sehemu ya nguvu yake inaishia pale.

Chakula chetu na hesabu ya uchachu

Wanaofundisha habari ya asidi na alkali wanagawanya vyakula katika mafungu mawili. Wanasema nyama, samaki, mayai, jibini na unga wa nafaka huacha asidi mwilini baada ya kuliwa. Mboga, matunda, viazi na ndizi huacha alkali. Hata ndimu, ijapokuwa ni chachu mdomoni, huacha alkali baada ya mwili kuitumia. Maziwa na maharagi yako karibu na katikati. Mgawanyo huo kwa sehemu kubwa ni wa kweli. Wenye elimu wameupima.

Lakini sasa weka chakula hicho mbele ya mgonjwa wa sukari, uone. Viazi vya Masisi vilivyopikwa ni vya upande wa alkali. Je, havipandishi sukari ya damu? Vinapandisha sana. Ndizi mbivu na makemba ni ya upande wa alkali. Je, hayapandishi? Yanapandisha. Samaki na yai ni vya upande wa asidi. Je, vinapandisha sukari? Kidogo tu, karibu hakuna. Jibini la Masisi ambalo watu wa Goma wanalipenda huacha asidi nyingi, lakini halina sukari nyingi ndani yake. Na sukari yenyewe, ile nyeupe ya kutia katika chai, haiko upande wo wote. Haiachi asidi wala alkali. Basi kama mgonjwa angeshika sheria hii ya uchachu peke yake, angekimbia yai na samaki, akajaza sahani yake viazi na ndizi mbivu, akanywa chai yenye sukari nyingi, na kusema, "Nimetii." Sukari yake ingepanda mpaka juu.

Ndiyo sababu nasema: hesabu ya asidi na alkali si hesabu ya sukari. Ni mizani mbili mbalimbali. Usipime chumvi kwa mizani ya mafuta.

Sehemu ndogo ya kweli

Hata hivyo si haki kucheka tu. Tuseme na kweli iliyomo.

Mwaka 1979 wanganga wawili huko Marekani, DeFronzo na Beckles, waliandika habari ya watu wenye afya waliopewa dawa ya kuongeza asidi mwilini kwa siku kadhaa. Waliona kwamba mwili wa watu wale haukuitumia sukari vizuri kama kwanza. Tena mwaka 2014 watu wa elimu wa Ufaransa walitoa habari za wanawake 66,485 waliofuatwa kwa miaka 14. Katika muda ule wanawake 1,372 walipata ugonjwa wa sukari. Wale ambao chakula chao kilikuwa na asidi nyingi kuliko wengine waliupata zaidi kuliko wale wenye asidi kidogo.

Basi, je, hilo si ushuhuda kwa watu wa majivu? Ngoja kidogo. Wanawake wale hawakunywa majivu. Tofauti yao ilikuwa chakula: hawa walikula nyama nyingi na mboga kidogo, wale walikula mboga na matunda mengi. Mboga ina mambo mengi mema pamoja na alkali yake. Inashibisha bila kuleta sukari nyingi, na nyuzi zake zinachelewesha sukari kuingia damuni. Nani atasema kwa hakika kwamba alkali ndiyo iliyosaidia, wala si nyuzi? Ukiona jogoo akiwika na jua likipanda, usiseme jogoo ndiye aliyeliinua jua.

Tena habari hii ni ya watu ambao hawajaugua bado. Kuzuia ugonjwa usije ni jambo moja. Kumtibu mtu aliyekwisha kuugua ni jambo lingine.

Na ndimu je? Ni kweli kwamba kitu chachu kama siki, kikiliwa pamoja na bugali au mkate, kinapunguza kidogo mwendo wa sukari kupanda baada ya chakula, kwa sababu tumbo linachelewa kumwaga chakula chake. Basi ukipenda ndimu juu ya samaki wako, itie kwa furaha. Lakini ni msaada mdogo, na tazama: hapo ni uchachu unaosaidia, si alkali! Wale wanaohubiri kwamba uchachu ni adui hawawezi kueleza jambo hili.

Uchachu wa kweli unaoua

Sasa tufike pahali pa maana zaidi. Kuna wakati mmoja ambapo damu ya mgonjwa wa sukari inakuwa chachu kweli. Na hapo ndipo watu wanapodanganyika zaidi, kwa sababu wanadhani chakula kimeleta uchachu ule.

Sivyo. Sikiliza jinsi unavyokuja. Katika mwili kuna dawa ya asili inayoitwa insulini. Inafanya kazi kama ufunguo: inafungua mlango ili sukari itoke damuni na kuingia ndani ya nyama ya mwili, iwe nguvu. Mtu asiyekuwa na insulini ana sukari nyingi damuni, lakini mwili wake unakufa njaa, kama mtu aliyefungiwa nje ya ghala iliyojaa. Mwili ukiona njaa ile unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi. Katika kuyeyusha mafuta hayo kunatoka asidi nyingi, kupita nguvu ya mapafu na figo. Walinzi wale wawili wanashindwa. Damu inaanguka kutoka katika daraja lake.

Unaona? Uchachu haukuleta kukosa insulini. Kukosa insulini ndiko kulikoleta uchachu. Anayetibu uchachu na kuiacha insulini ni kama mtu anayefukuza moshi na kuacha nyumba iendelee kuwaka.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1874 munganga Adolf Kussmaul wa Ujerumani aliandika habari ya wagonjwa wa sukari waliopumua kwa nguvu na kwa kina kabla ya kufa. Baadaye ikajulikana kwamba damu yao ilijaa asidi. Mwaka 1883 munganga Stadelmann akatoa shauri kwamba watiwe dawa ya alkali ndani ya mshipa wa damu. Kwa miaka karibu 40 wanganga wa Ulaya na Marekani walijaribu dawa za alkali, si kwa kikombe tu, bali hata kwa sindano ya mshipa. Hata hivyo karibu wagonjwa wote wa namna ile walikufa. Ndipo mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto huko Kanada, kijana Leonard Thompson alipata sindano za insulini. Aliishi mpaka mwaka 1935. Alkali haikufanya hivyo. Insulini ilifanya.

Basi mtu akikuambia leo kwamba amepata dawa mpya katika majivu, mjibu kwa upole: si mpya. Ilijaribiwa na watu hodari kwa miaka mingi, na makaburi yalijaa.

Usikose kuzitambua alama

Tuseme kuna kijana katika kijiji karibu na Nyabiondo. Tangu majuma mawili anakunywa maji sana, anakwenda kukojoa mara nyingi hata usiku, na anakonda ijapokuwa anakula. Kisha tumbo linamuuma, anatapika, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyooza. Mwisho anakuwa mzito wa usingizi. Nyumbani watu wanasema nini? Mmoja anasema ni malaria. Mwingine anasema ni karuho, mtu amemtilia sumu, na wanaanza kutafuta adui. Mwingine anasema damu imechacha, apewe maji ya majivu. Kila shauri linakula saa moja, na kijana hana saa nyingi.

Alama hizo ni za kukimbia hospitali siku ile ile. Mwambie munganga, "Mpime sukari." Ni tone moja la damu kutoka kidoleni, na jibu linapatikana upesi. Mtu mwenye alama hizi ambaye sukari yake imefika miligramu 200 au zaidi, hata saa yo yote ya siku, ana ugonjwa wa sukari. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, 126 au zaidi ni alama ya ugonjwa, na munganga atapima tena ili awe na hakika. Hospitalini mgonjwa mwenye damu chachu atapewa maji mengi kwa mshipa, insulini, na chumvi ya potasiamu kwa kipimo. Watu wengi wanaofika mapema wanapona hatari ile.

Neno la potasiamu ni la maana hapa. Majivu yana potasiamu nyingi. Mgonjwa wa sukari wa siku nyingi mara kwa mara ana figo zilizochoka, nazo haziwezi kuitoa potasiamu. Ikizidi damuni, moyo unaweza kusimama ghafula. Kwa hiyo maji ya majivu si kitu cha bure tu kisichodhuru. Ni kweli kwamba munganga anaweza kumpa mgonjwa wa figo dawa ya bikarbonati, ambayo ni alkali. Lakini anaitoa baada ya kupima damu, kwa kiasi kinachojulikana. Kikombe cha majivu hakina kipimo.

Na sisi tunaokaa katika taabu?

Najua utaniambia, "Unasema insulini, lakini sisi tunakimbia vita." Ni kweli. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi Centre, na mwezi wa Machi 2025 vilifika Walikale Centre. Watu walilala porini, na waliotumia sindano walikimbia pamoja na wengine. Sitasema kwamba ni jambo rahisi. Lakini kuna mambo unayoweza kufanya.

Kwanza, insulini haiharibiki upesi kama wengi wanavyodhani. Chupa isiyofunguliwa hukaa vizuri katika baridi ya friji. Lakini mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na chuo kikuu cha Geneva walitoa habari kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Kenya, penye joto kali. Walionyesha kwamba insulini inaweza kukaa majuma manne katika joto linalopanda na kushuka kati ya digri 25 na 37, na nguvu yake ikabaki. Mlimani Masisi hewa ni ya baridi. Katika joto la Walikale, weka chupa ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini. Usiiache juani, wala usiiache igande.

Pili, usiache sindano kwa sababu hukula vizuri au kwa sababu unaumwa malaria. Muulize munganga mapema: "Siku nikikosa chakula, au siku nikitapika, nifanye nini?" Andika jibu lake katika karatasi yako ya hospitali. Na kama unatetemeka, unatoka jasho la baridi, akili inapotea, labda sukari imeshuka mno. Hapo kunywa mara moja maji yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari. Wakati ule sukari ni dawa.

Tatu, chakula. Hapa ninaungana na wale wa alkali kwa furaha: ule mboga zaidi. Jaza nusu ya sahani yako sombe, lengalenga na mboga nyingine. Robo iwe maharagi, samaki au yai. Robo inayobaki iwe bugali, viazi au makemba. Kasiksi na soda za tamu uziache. Lakini mtu aliyekonda kwa njaa asiambiwe, "Punguza chakula." Mwezi wa Aprili 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kwamba kuna namna ya ugonjwa huu inayotokana na njaa ya muda mrefu, nalo likaiita namna ya tano. Basi tusiseme tena kwamba sukari ni ugonjwa wa matajiri wanene wa Goma. Unaweza kumfikia mkulima mwembamba wa Pinga.

Neno la mwisho kwa kanisa

Wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi, neno hili ni lenu. Mgonjwa mara nyingi haachi sindano kwa ukaidi. Anaiacha kwa sababu amechoka, hana fedha za njia, na jirani amemwahidi dawa isiyouma. Mkimkemea, atajificha. Mkimpa mtu wa kumsindikiza, atarudi. Kikundi kinachochanga kwa ajili ya mazishi kinaweza kuchanga kwa ajili ya safari ya hospitali. Fedha za safari ni kidogo kuliko fedha za sanduku.

Na wewe uliye na kikombe cha majivu mkononi, sikukatazi kwa hasira. Nakuomba jambo moja tu. Nenda upimwe sukari leo. Fanya kama munganga atakavyokuagiza kwa majuma mawili, kisha upimwe tena. Hesabu hizo mbili zikae mbele ya macho yako, nawe uzisome mwenyewe.